Kivuli kinachorudi kila baada ya miaka 54

Alasiri ya Jumamosi, 30 Juni 1973, Loiyangalani ilikuwa na wageni. Kwenye ufuko wa kusini-mashariki wa ziwa ambalo ramani za wakati huo bado ziliita Rudolf, na ambalo miaka miwili baadaye lingepewa jina la Turkana, walikuwa wamepiga kambi wanasayansi na watalii waliovuka bahari na darubini zao, kamera na masanduku ya vioo. Safari yote hiyo ilikuwa ya dakika nne na ushei. Saa kumi ilipopita kidogo, mwezi ukalifunika jua lote, ziwa likawa jeusi, na jua kali la Turkana likazimika mchana.

Mapema siku hiyohiyo ndege ya Concorde, iliyokuwa bado kwenye majaribio, ilipaa kutoka Las Palmas katika visiwa vya Canary, ikakikimbiza kivuli hichohicho juu ya Sahara hadi Chad. Paa lake lilikuwa limetobolewa ili vyombo vitazame juu. Aliyesimama ardhini, hata pale katika jangwa la Niger ambako muda ulikuwa mrefu kuliko kwingine kote, aliliona jua limefichwa kwa dakika 7 na sekunde 4. Waliokuwa ndani ya ndege walikaa kivulini dakika 74.

Habari ya Concorde imesimuliwa sana. Isiyosimuliwa ni kwamba kivuli kile hakikuwa mgeni Afrika Mashariki. Ndugu yake mkubwa alipita kusini mwa Tanganyika tarehe 29 Mei 1919, na mdogo wake ataingia barani tarehe 2 Agosti 2027. Hesabu mwenyewe: miaka 54 na mwezi mmoja, kisha tena miaka 54 na mwezi mmoja. Hiyo si sadfa. Lakini ili ratiba hiyo ieleweke, inabidi tuanzie kwenye somo la darasani ambalo wengi wetu tulilisoma nusu.

Mchoro wa ubaoni tunaukumbuka: duara kubwa la jua, duara dogo la mwezi, duara la dunia, na mstari wa rula ukiyapitia yote matatu. Mwezi ukiwa katikati, kivuli chake kinaangukia dunia, jua linapatwa. Dunia ikiwa katikati, kivuli chake kinauangukia mwezi, mwezi unapatwa. Kengele ikagongwa, tukatoka. Mchoro ule ni sahihi, ila unazaa swali ambalo kila mtoto mwenye akili lazima alijiuliza njiani kurudi nyumbani. Mwezi unaizunguka dunia kila mwezi. Kila mara unapita upande wa jua, na wiki mbili baadaye uko upande wa pili. Mbona basi jua halipatwi mara kumi na mbili kwa mwaka?

Jibu limejificha kwenye kitu ambacho ubao hauwezi kukionyesha, kwa sababu ubao ni bapa. Njia ya mwezi kuizunguka dunia haikulala sawasawa na njia ya dunia kulizunguka jua. Imeinama kwa digrii 5 hivi. Fikiria nyungo mbili zenye kitovu kimoja, moja imelala sawa na nyingine imeinuliwa kidogo upande mmoja. Zinakutana kwenye mstari mmoja tu. Kwingine kote moja iko juu au chini ya mwenzake.

Digrii 5 kwenye karatasi ni kidogo, lakini angani ni nyingi. Jua na mwezi, kila kimoja, huchukua nusu digrii tu ya anga. Maana yake ni kwamba mwezi mwandamo unaweza kupita juu au chini ya jua kwa umbali wa upana wa miezi kumi, na kivuli chake kikaenda zake bila kuigusa ardhi. Ila kila baada ya siku 173 hivi, jua linafika karibu na mahali njia hizo zinapokatana, na kwa muda wa mwezi mmoja na siku kadhaa mlango unakuwa wazi. Katika kipindi hicho jua halina budi kupatwa walau mara moja mahali fulani duniani, na mara nyingi mwezi nao hupatwa wiki mbili kabla au baada. Ndiyo sababu habari hizi huja mbilimbili. Mwezi ulipopatwa usiku wa 7 Septemba 2025, jua nalo lilipatwa kisehemu tarehe 21 mwezi huohuo, upande wa New Zealand.

Anayefuata kalenda ya Hijria ana nyenzo ya kuhakiki uvumi. Jua hupatwa siku za mwisho kabisa za mwezi wa Kiislamu, kabla ya mwandamo, na mwezi hupatwa ukiwa mpevu, katikati. Atakayekutumia ujumbe kwenye simu kwamba jua litapatwa tarehe 15 Rajabu, mpinge bila kutazama juu.

Sadfa ya kweli iko kwenye ukubwa. Kipenyo cha jua ni kilomita milioni 1.39, cha mwezi ni kilomita 3,474. Jua ni kubwa kuliko mwezi mara 400 hivi, na liko mbali nasi mara 400 hivi kuliko mwezi, ndiyo maana kwa macho yetu vinalingana. Hakuna kanuni ya maumbile iliyolazimisha iwe hivyo. Na haitadumu: mwezi unajitenga na dunia kwa sentimita 3.8 kila mwaka, kiasi kinachopimwa kwa miale ya leza inayorudishwa na vioo vilivyoachwa kule na wanaanga wa Apollo. Baada ya miaka milioni 600 hivi mwezi utaonekana mdogo mno, hautaweza tena kulifunika jua lote.

Hata sasa mara nyingi hautoshi. Njia ya mwezi si duara kamili. Kuna wakati unakaribia hadi kilomita 357,000 hivi, na kuna wakati unafika kilomita 406,000. Ukilipita jua ukiwa mbali, ncha ya kivuli chake kizito inaishia hewani kabla ya kufika chini, na pembeni mwa mwezi unabaki mduara mwembamba wa jua. Huko ndiko kupatwa kipete, na Watanzania wengi walikujua tarehe 1 Septemba 2016, siku ambayo Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, iligeuka mji mkuu wa anga. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa ametangaza habari hiyo kwa muda mrefu, na wanafunzi, watalii na waandishi wa habari wakamiminika. Muda mfupi kabla ya saa sita mchana pete ikafunga. Huko kusini zaidi, upande wa Tunduru, ilidumu dakika 3 na sekunde 6, ambao ulikuwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote kwenye njia yote ya kivuli kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi.

Waliokwenda wakitegemea giza hawakulipata. Mwezi ulikuwa umefunika karibu asilimia 95 ya uso wa jua, na mtu angedhani asilimia 5 iliyobaki ni mabaki tu. Sivyo. Jua linang'aa kuliko mwezi mpevu mara 400,000 hivi. Asilimia 5 ya hilo ni mwanga wa miezi mipevu 20,000. Mchana ulififia, rangi zikapauka, joto likapungua, vivuli vya watu vikawa na kingo kali kama vimekatwa kwa mkasi, lakini ulibaki mchana. Nairobi iliyaona hayo Ijumaa ya 15 Januari 2010, asubuhi, pete ikakaa juu ya jiji kwa muda wa kama dakika saba. Kati ya kupatwa kipete kote kwa milenia hii, huko ndiko kurefu kuliko kote, na kilele chake cha dakika 11 na sekunde 8 kilikuwa juu ya Bahari ya Hindi.

Tofauti kati ya asilimia 99 na 100 ni tofauti ya mchana na usiku. Linapopatwa kikamilifu, sekunde za mwisho jua hupenya kwenye mabonde ya ukingo wa mwezi, likakatika vipande vidogo kama shanga, kisha hubaki nukta moja tu inayowaka. Nukta ikizimika, hutokeza kitu ambacho siku nyingine zote kimemezwa na mwanga: korona, anga ya nje ya jua, nyeupe, yenye nyuzi ndefu zinazotawanyika pande zote. Zuhura huonekana mchana. Upeo wa macho pande zote huwa na rangi ya magharibi, kwa sababu nje ya kivuli bado ni mchana. Kuku hupanda kulala. Kuna watu waliosoma kila kitu juu ya jambo hili na bado wakalia walipoliona, na siwashangai.

Kivuli hicho ni chembamba, mara nyingi upana wake haufiki kilomita 270, na hukimbia kwa kasi ya kilomita 1,700 kwa saa au zaidi. Ndiyo maana jua hupatwa kikamilifu mahali fulani duniani karibu kila mwaka mmoja na nusu, ilhali kijiji kimoja hungoja kwa wastani miaka 375. Kuna bahati nyembamba zaidi ya hiyo. Tarehe 3 Novemba 2013 umbali wa mwezi ulikuwa pale pale penye mpaka, ncha ya kivuli ikigusa ardhi kwa shida. Kule Atlantiki kulikoanzia, jua lilikuwa pete kwa sekunde chache; kivuli kilipofika palipobinuka zaidi kuelekea mwezi, pete ikajaa ikawa giza. Pakwach, kaskazini mwa Uganda, walipata sekunde kama ishirini. Kilipofika Turkana zilikuwa zimebaki pungufu ya hapo.

Kupatwa kwa mwezi hakudai safari. Kivuli cha dunia ni kipana, na kila aliye upande wa usiku anauona mwezi ukiingia. Usiku wa 27 Julai 2018 Afrika Mashariki nzima ilitazama kupatwa kurefu kuliko kote kwa karne hii: mwezi ulikaa ndani ya kivuli kizito dakika 103, kuanzia saa nne na nusu usiku hadi saa sita na robo hivi, Mirihi ikiwaka jirani yake. Haukuwa mweusi. Ulikuwa na rangi ya shaba. Hewa inayoizunguka dunia hupindisha sehemu ya mwanga wa jua kuelekea ndani ya kivuli, na njiani huchuja rangi ya buluu na kuachia nyekundu. Mtu angesimama juu ya mwezi wakati huo angeiona dunia ikiwa duara jeusi lenye mzunguko mwekundu, yaani macheo yote na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja. Na hakuna haja ya miwani: unatazama kwa macho matupu hadi usingizi uje.

Ukoo namba 136

Sasa turudi kwenye miaka 54. Ili jua lipatwe kwa namna ileile, mambo matatu lazima yarudi kwa pamoja: mwezi uwe mwandamo, uwe karibu na pale njia zinapokatana, na uwe kwenye umbali uleule na dunia. Kila jambo lina mzunguko wake, na mizunguko hiyo hailingani. Lakini baada ya miezi mwandamo 223, ambayo ni miaka 18, siku 11 na saa nane hivi, yote matatu yanakaribia kukutana tena. Wababeli walishalijua hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, wakaliandika kwenye vigae vya udongo. Wanafalaki wa leo huuita mzunguko huo saro.

Kwa hiyo kila kupatwa kuna mtangulizi wake wa miaka 18 nyuma na mrithi wake wa miaka 18 mbele, na wote kwa pamoja ni ukoo. Ukoo wa kivuli cha Turkana umepewa namba 136. Ulizaliwa mwaka 1360, jua likimegwa kidogo tu upande wa ncha ya kusini ya dunia, na utakwisha mwaka 2622 upande wa kaskazini, baada ya vizazi 71. Karne ya ishirini ndiyo ilikuwa ujana wake. Mwaka 1919 giza lilifika dakika 6 na sekunde 51. Mwaka 1937, 7 na 4. Mwaka 1955, 7 na 8, rekodi ya karne nzima. Mwaka 1973, 7 na 4 tena. Kisha ukaanza kuteremka: 6 na 53 mwaka 1991, 6 na 39 mwaka 2009, na 2027 zitakuwa 6 na 23.

Zile saa nane za ziada ndizo zinazoamua nani ataona. Saa nane ni theluthi ya siku. Wakati mrithi anafika, dunia imejizungusha theluthi moja zaidi, na kivuli kinaangukia upande mwingine kabisa, kuelekea magharibi. Kutoka Afrika mwaka 1919 kikaenda Pasifiki, kutoka Pasifiki kikaenda Asia ya Kusini-Mashariki, kutoka huko kikarudi Afrika mwaka 1973. Saro tatu ni zamu tatu, mduara umekamilika: miaka 54 na mwezi mmoja. Ila mizunguko, nimesema, hailingani sawasawa, kwa hiyo kila kizazi hupita kaskazini kidogo ya kilichotangulia. Tanganyika, kisha Turkana, kisha Misri.

Wa mwaka 1919 ndio maarufu kuliko wote, ingawa umaarufu wake ulipatikana Atlantiki. Albert Einstein alikuwa amesema kwamba uzito wa jua hupindisha mwanga wa nyota unaopita kando yake, kwa kiasi cha sekunde 1.75 za digrii, huku digrii moja ikiwa na sekunde 3,600. Namna pekee ya kuhakiki ilikuwa kupiga picha za nyota zilizo kando ya jua, na nyota hizo huonekana pale tu jua linapozimwa. Mwishoni mwa Mei jua huwa mbele ya kundi la nyota la Hyades, zenye mwanga wa kutosha. Waingereza wakatuma timu mbili, moja Sobral kule Brazil, nyingine kisiwa cha Príncipe karibu na Gabon, kwenye shamba la kakao la Sundy. Visiwa vile, Príncipe na jirani yake São Tomé, vilikuwa mali ya Wareno, na sifa yake wakati huo haikuwa ya sayansi: miaka kumi kabla yake kampuni ya Cadbury ilikuwa imeacha kununua kakao ya huko kwa sababu ya wafanyakazi walioletwa kutoka bara na kushikwa karibu kama watumwa.

Asubuhi ya siku yenyewe ilinyesha mvua kubwa. Mawingu yalianza kuachana jua likiwa limeshaanza kumegwa. Arthur Eddington, kiongozi wa timu, alikuwa anabadilisha vioo vya kamera mfululizo, na baadaye alikiri kwamba hakuliona tukio lenyewe isipokuwa kwa kutupia jicho mara moja kuhakikisha limeanza. Alipata picha 16, na chache tu zikawa na nyota za kupimika. Zilitosha. Matokeo yalipotangazwa London tarehe 6 Novemba 1919, Einstein alilala mwanafizikia akaamka maarufu.

Kivuli hakikuishia Príncipe. Kiliingia bara, kikapita Gabon na Kongo, kikavuka Kongo ya Wabelgiji, kikashika kaskazini-mashariki mwa Zambia ya leo na ncha ya kaskazini ya Malawi, kikapita kusini mwa Tanganyika na kuishia kaskazini mwa Msumbiji, jua likiwa limeshainama kuzama. Ni nchi ambayo Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimetoka juzi tu. Miezi sita kabla, tarehe 25 Novemba 1918, kamanda wa Wajerumani, Jenerali Lettow-Vorbeck, alikuwa amesalimisha silaha zake Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, katika ukanda huohuo. Askari na wapagazi walikuwa wanarudi makwao, homa ya mafua ilikuwa imeua watu wengi, na vijiji vilikuwa vimekombwa chakula na majeshi ya pande zote mbili. Katika hali hiyo jua likazimika jioni. Vitabu vya sayansi vinapoeleza kupatwa kwa 1919, Afrika hukomea kwenye kisiwa cha kakao, na nadhani hilo ni pungufu: eneo kubwa la bara letu nalo liliingizwa gizani siku ile.

Makka, Agosti 2027

Kizazi kijacho kitafika Jumatatu, 2 Agosti 2027. Kivuli kitaanzia Atlantiki, kitapita mlango wa bahari kati ya Hispania na Morocco, kitafuata Algeria, Tunisia na Libya, na karibu na Luxor kule Misri jua litafichwa kwa zaidi ya dakika sita. Kisha kitavuka Bahari ya Shamu. Jeddah itakuwa gizani, na Makka pia kwa zaidi ya dakika tano, baada ya saa saba mchana kwa saa za kwetu. Kutoka huko kitapita Yemen na kuishia baharini baada ya kugusa ncha ya Pembe ya Somalia.

Makka gizani mchana ni habari itakayovuma, na uvumi hautakosa. Kwa hilo Waislamu wana kisa cha kale. Mwaka wa 10 Hijria, Ibrahim, mwana mchanga wa Mtume Muhammad (S.A.W.), alifariki Madina, na siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili yake. Baba aliyefiwa angeweza kunyamaza na kuuacha uvumi huo umtukuze. Badala yake aliukanusha, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa sababu ya kufa au kuzaliwa kwa mtu, na kwamba waionapo hali hiyo wasali. Swala ya kupatwa inayosaliwa misikitini kwetu hadi leo ina asili yake hapo. Wanafalaki wakiirudisha hesabu nyuma, wanakuta jua lilipatwa Madina asubuhi ya 27 Januari 632. Siku hiyo inaangukia mwisho wa Shawwal, kama inavyotakiwa.

Kenya, Uganda na Tanzania zitalipata tukio hilo kisehemu. Jua litamegwa, na kadiri mtu anavyokuwa kaskazini ndivyo litakavyomegwa zaidi. Moyale itaona kuliko Mombasa, na Mombasa kuliko Mtwara. Kote huko hakuna mahali litakapofunikwa lote, na kwa sababu hiyo hakuna dakika hata moja ambapo ni salama kulitazama kwa macho matupu.

Hapa inabidi kusema waziwazi, kwa kuwa mazoea yetu ni mabaya. Beseni la maji si kinga. Filamu ya eksirei si kinga. Kioo kilichofukizwa moshi wa kibatari, sidii, miwani ya jua hata iwe mitatu kwa pamoja, vyote si kinga. Vinapunguza mwangaza na kumfanya mtu akodoe macho kwa raha, huku miale isiyoonekana ikiendelea kupenya. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haisikii maumivu. Anayeungua hajui mpaka baadaye anapokuta doa katikati ya kila anachokitazama. Kinachofaa ni miwani maalumu ya kutazamia jua yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo, au kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma cha namba 14. Namba za chini ya hapo hazitoshi, hata kama fundi anakuhakikishia kwamba yeye hutumia hicho kila siku.

Asiye na vyote hivyo ana mwembe. Simama chini yake jua likiwa limemegwa, ulipe jua mgongo, utazame ardhini. Kila uwazi mdogo kati ya majani huwa ni tundu la kamera, na kila tundu huangusha picha yake: utaona mamia ya hilali ndogondogo zikicheza kwenye mchanga, zote zimeelekea upande mmoja. Viduara vya mwanga tunavyovikanyaga kivulini siku za kawaida navyo ni picha za jua, jua zima, na hatuna sababu ya kuvitilia maanani hadi siku linapomegwa. Mtoto anaweza kuvichora kwenye karatasi kila baada ya dakika tano akapata historia nzima ya tukio.

Wasiotosheka na ukoo namba 136 wana ukoo mwingine. Tarehe 21 Mei 2031 pete itapita Angola, Kongo na Zambia, itaingia Tanzania na kuvuka Bahari ya Hindi hadi kusini mwa India na Sri Lanka. Mwenzake wa saro tatu nyuma alipita Tanzania alasiri ya Jumatatu, 18 Aprili 1977, akitokea Zambia na kaskazini mwa Malawi. Waliokuwa shule ya msingi siku hiyo sasa wako kwenye miaka ya hamsini na sitini. Wengi wao wapo na wanakumbuka.